Baraza la Wanawake wa Hanang Lilikuwapo Kabla ya Beijing

Kila Machi 8 inapokaribia, hoja zilezile hurudi. Tunazisikia Balangdalalu, tunazisikia Katesh na Mbulu mjini, tunazisikia redioni. Kwamba habari za wanawake weusi mashuhuri, tangu malkia wa kale hadi wanaharakati wa leo, zimetungwa ili kuwafurahisha wafadhili. Kwamba mwanamke wa Kiafrika, hasa wa jamii za wafugaji, hakuwahi kushika mamlaka yoyote. Kwamba wanaotajwa walikuwa wake na mabinti wa wakubwa, hawana maandishi ya kuwathibitisha, na mwisho wao ulikuwa kushindwa. Na kwamba hata kama yote hayo yangekuwa kweli, leo tumeshafika, hakuna tena cha kudai. Wanaozisema hoja hizi si watu wa hovyo. Wengi ni wazee wenye heshima zao na baadhi ni wasomi. Kwa sababu hiyo wanastahili kujibiwa kwa ushahidi, hoja moja baada ya nyingine, na wewe msomaji nakuomba ukae mahali pa mzee wa baraza: sikiliza, pima, kisha uamue.

Hoja ya kwanza ndiyo inayozibeba nyingine zote. Inasema kwamba jambo la wanawake kukaa pamoja, kujadili haki zao na kumwajibisha mwanamume limeletwa na wageni. Wanaoisema kwa ustadi hutaja hata mwaka: 1995, Mkutano wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing. Kabla ya hapo, wanasema, katika nchi ya Wabarabaig na Wairaqw mwanamke alikuwa mtu wa nyumba na ndama, na mambo ya kuamuliwa yalikuwa ya wanaume waliokaa chini ya mti.

Ushahidi unasema vingine, na umekuwapo kwenye maandishi kwa zaidi ya miaka sitini. George Klima, mwanaanthropolojia wa Marekani, alifanya utafiti kati ya Wabarabaig katika miaka ya 1950. Mwaka 1964 alichapisha makala kuhusu haki na wajibu kati ya wanaume na wanawake wa Kibarabaig, na mwaka 1970 akatoa kitabu kizima juu ya jamii hiyo. Alieleza vikao vyao vya kuamua mambo: mkutano mkuu wa watu wote uitwao getabaraku, kikao cha ukoo, kikao cha majirani, na pamoja na hivyo baraza la wanawake, girgwageda gademga. Halikuwa kikundi cha kusaidiana wala ngoma ya harusi. Lilikuwa mahakama. Lilisikiliza mashauri ya wanaume waliowakosea wanawake katika mambo ambayo wanawake waliyahesabu kuwa yao: mwanamume aliyesogea mahali mwanamke anapojifungua, mwanamume aliyemshambulia mwanamke aliye katika siku za uzazi. Liliita mashahidi, likajadili, likatoa hukumu.

Hukumu hiyo ilikuwa na meno. Mkosaji alitozwa fahali mweusi, pamoja na asali ya kutengenezea pombe, na fahali huyo alichinjwa na kuliwa na wanawake wenyewe. Aliyekaidi alikabiliwa na laana ya wanawake wote kwa pamoja, na hakuna mfugaji wa Hanang aliyeiona laana hiyo kuwa jambo dogo, kwa kuwa ilimgusa yeye, watoto wake na mifugo yake. Sasa pimeni. Kikao chenye wajumbe wanaojulikana, chenye mamlaka juu ya makosa yanayojulikana, chenye faini inayojulikana na njia ya kumlazimisha anayekataa kulipa, tukikikuta kwa wanaume tunakiita mahakama bila kusitasita. Kwa nini kikiwa cha wanawake kiitwe mambo ya kuletwa?

Klima pia alieleza nguvu hiyo ilisimama juu ya nini. Binti wa Kibarabaig anapoolewa hupewa ng'ombe na baba yake na ndugu zake. Hawa si ng'ombe wa mahari wanaotoka kwa mume. Ni ng'ombe wake wa kuanzia maisha, na haki zake juu yao haziishii mlangoni kwa mume. Mwanamke mwenye mali ana neno barazani, na wenzake wakikusanyika neno hilo huwa amri. Hoja ya kwanza haina jibu kwa jambo hili, kwa sababu inaanza na dhana kwamba mwanamke wa mfugaji hakuwa na chochote chake.

Tuhamie Mbulu. Katherine Snyder, naye mwanaanthropolojia, alichapisha mwaka 2006 makala juu ya maandamano ya wanawake wa Kiiraqw. Mvua inapokataa, wanawake huungana, hutembea kwa msafara hadi kwa wazee wenye dhamana ya kushughulikia ukame, na kuwadai watimize wajibu wao. Hakuna mfadhili aliyewafundisha kudai mvua. Walikuwa wakifanya jambo linalojulikana, lenye utaratibu wake, na wazee waliofuatwa walijua kwamba hawawezi kufunga mlango na kulala. Huu ni uwajibishaji wa viongozi, na umo ndani ya mila yenyewe ambayo msemaji anadai kuitetea.

Kuhusu Beijing yenyewe, katibu mkuu wa mkutano ule wa 1995 alikuwa Getrude Mongella, mwalimu aliyezaliwa Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Anayesema kwamba Beijing ilituletea sauti ya wanawake kutoka nje analazimika kutueleza ni kwa vipi sauti iliyotoka Ukerewe imekuwa ya nje.

Hoja ya pili husemwa na watu walewale, mara nyingine katika kikao kilekile. Inasema kwamba mila zetu zilimheshimu na kumlinda mwanamke, kwa hiyo hana haja ya kutafuta kitu nje ya mila. Ninaieleza kwa haki: wanaoisema wanaamini kwa dhati kwamba nyumba ya zamani ilikuwa na utulivu ambao nyumba ya leo haina.

Iwekeni kando ya ile ya kwanza. Ya kwanza inasema mwanamke hakuwa na mamlaka katika mila. Ya pili inasema mila ilimpa kila alichohitaji. Kama ya kwanza ni kweli, ulinzi huo ulisimamiwa na nani, na mwanamume aliyeuvunja alishtakiwa wapi? Kama ya pili ni kweli, basi kulikuwa na chombo chenye uwezo wa kumlazimisha mwanamume, na ya kwanza imeanguka. Haziwezi kusimama pamoja. Zinakutana mahali pamoja tu, kwenye hitimisho kwamba mwanamke anyamaze leo, na mzee wa baraza anapoona sababu mbili zinazopingana zikitumika kuombea hukumu ileile, ana haki ya kushuku kwamba hukumu iliandikwa kabla ya sababu.

Ukweli uko katikati, nami sitaupamba. Baraza la wanawake wa Kibarabaig halikuwa na neno juu ya kila kitu. Halikuamua vita. Halikugawa urithi wa ukoo. Si kila kipigo alichopata mwanamke nyumbani kilifikishwa mbele yake. Na mila ileile iliyompa mwanamke ng'ombe wake ndiyo iliyomlaza binti mbele ya kisu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba Manyara ndiyo mkoa ulioongoza nchini kwa ukeketaji, asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, wakati sheria inayokataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ilikuwa imepitishwa tangu 1998. Anayesema mila ilimlinda mwanamke kikamilifu ana deni la kuwaeleza wanawake hao alikuwa anamzungumzia nani.

Lakini kasoro hizo hazimsaidii mwenye hoja ya kwanza. Hakuna anayesema kwamba mahakama za wanaume hazikuwapo kwa kuwa hazikuwa na haki kamili. Chombo chenye mipaka ni chombo.

Hoja ya tatu inageukia majina. Inakubali kwamba wapo wanawake waliotajwa katika historia, lakini inasema walipata nafasi kwa sababu ya baba, mume au mtoto wao. Mtoe mwanamume, wanasema, na jina linafutika.

Kwa baadhi yao ni kweli kwamba walitoka katika nyumba za watawala. Malkia Fatuma, aliyetawala Unguja wakati Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu kule Mombasa kati ya 1696 na 1698, alikuwa wa ukoo wa kifalme. Vivyo hivyo Mwana Khadija wa Pate, na Mwami Theresa Ntare wa Heru, kule Buha, aliyekuwa chifu wakati wa Waingereza. Sasa tumieni kipimo hichohicho kwa wanaume. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa mtoto wa Munyigumba. Mangi Meli wa Moshi alikuwa mtoto wa Mangi Rindi. Hakuna mtu aliyewahi kusimama Kalenga akasema Mkwawa aondolewe katika historia kwa kuwa alirithi kiti cha baba yake. Urithi kwa mwanamume tunauita haki yake, kwa mwanamke tunauita upendeleo. Kipimo kinachobadilika kwa kumtazama anayepimwa si kipimo.

Na kwa wengine hoja hii si kweli hata kidogo. Mekatilili wa Menza hakuwa mke wa chifu. Alikuwa mjane wa Kigiriama, kwenye pwani ya Kenya. Mwaka 1913, Waingereza walipotaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi za kizungu na watu waiache ardhi yao yenye rutuba ng'ambo ya Mto Sabaki, alizunguka vijijini, akakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, akawaapisha wanawake kwa wanaume wasitoe mtu wala kodi. Alikamatwa Oktoba mwaka huo na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Akatoroka, akatembea mamia ya kilomita kurudi pwani, na akaendelea pale alipoishia. Mume gani alimpa nafasi hiyo?

Bibi Titi Mohamed naye alikuwa mwanamke wa Dar es Salaam mwenye elimu ya msingi tu, anayejulikana kwa uimbaji katika vikundi vya ngoma. Mwaka 1955 alipewa kazi ya kuanzisha sehemu ya wanawake ya TANU, na katika miezi michache aliandikisha wanawake wapatao 5,000. Wakati huo wasomi wengi wa kiume walikuwa watumishi wa serikali waliozuiwa kujiunga na siasa. Wanawake wa lelemama, wauza maandazi na wapika pombe hawakuwa na mwajiri wa kumwogopa, na walikuwa na kitu ambacho chama kichanga hakina: mtandao tayari, kuanzia mtaa hadi mtaa, wa watu wanaoaminiana. Mwanahistoria Susan Geiger alikwenda kuwahoji wanawake hao wenyewe, na kitabu chake cha 1997 kinaonyesha kwamba wao ndio walioifanya TANU kuwa chama cha umma. Mtoe mwanamume katika habari hii, na jina la Bibi Titi linabaki. Mtoe Bibi Titi, na niambieni mikutano ya TANU kule Mnazi Mmoja ingejazwa na nani.

Hoja ya nne ni ya wasomi, na huletwa kwa sauti ya upole: hatupingi, tunaomba maandishi tu. Historia ni hati. Masimulizi ya bibi kizee hayatoshi.

Nianze na hati, kwa kuwa zimeombwa. Mwanajiografia Strabo, aliyeandika kwa Kigiriki wakati wa Kaisari Augusto, anasimulia vita kati ya majeshi ya Roma na Kandake, malkia wa Kushi, nchi iliyokuwa katika Sudan ya leo, mnamo mwaka 25 kabla ya Kristo na miaka iliyofuata. Wanahistoria wengi wanamtambua malkia huyo kuwa Amanirenas. Strabo alikuwa upande wa Warumi, hakuwa na sababu ya kumsifu, na bado anakiri kwamba wajumbe wa Kandake walifika mbele ya Kaisari katika kisiwa cha Samos, wakapata walichoomba, na kodi ikafutwa. Mwaka 1910 wachimbaji waliokuwa Meroe walifukua kichwa cha shaba cha sanamu ya Augusto kilichokuwa kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, ili kila apandaye amkanyage Kaisari. Kichwa hicho kiko London, katika Makumbusho ya Uingereza. Kuhusu Mekatilili, hati ziko katika majalada ya serikali ya Waingereza waliomfunga. Mashahidi hawa wote ni wa upande wa adui, na ushahidi wa adui anayekiri una uzito kuliko sifa za rafiki.

Halafu nigeukie kanuni yenyewe. Kama historia ni hati tu, tuitumie kwa wote. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kiongozi wa Maji Maji aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro mnamo Agosti 1905, hakuacha karatasi. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya mafundisho yake tunaijua kwa sababu mwanahistoria Gilbert Gwassa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini katika miaka ya 1960 na kuwasikiliza wazee. Hapa kwetu Mbulu, Haymu Tipe, ambaye Wairaqw wanamsimulia kuwa kiongozi wao enzi walipoishi Ma'angwatay, hana hati hata moja. Yupo kwa sababu wazee wamemtunza midomoni. Wenye hoja ya nne wanamkubali Haymu Tipe, nami ninamkubali. Wanamkubali Kinjikitile. Wakifika kwa mwanamke ndipo wanapodai muhuri.

Tena tuulize ni nani aliyekuwa na kalamu. Afisa wa wilaya wa Kiingereza aliandika majina ya walipa kodi, na walipa kodi walikuwa wanaume. Aliandika majina ya machifu na wazee wa mabaraza aliowatambua, na hao walikuwa wanaume. Katika mfumo wa mamlaka za wenyeji ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1926, girgwageda gademga haikuwa na kiti, wala karani, wala daftari. Kutumia daftari hilo leo kama ushahidi kwamba wanawake hawakuwa na baraza ni kumwita shahidi ambaye aliamriwa asitazame.

Hoja ya tano, kwamba wanawake hao wote walishindwa, nitaipitia haraka. Ni kweli Mkomanile, nduna wa Kingoni, alinyongwa Songea Februari 27, 1906 pamoja na wapiganaji wenzake wa Maji Maji, mwanamke pekee kati ya watu 67 wanaokumbukwa pale kila mwaka. Ni kweli Muhumusa, kiongozi wa ibada ya Nyabingi katika milima ya Kigezi, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 na hakuachiwa tena hadi alipofariki mwaka 1945. Lakini Mkwawa alijiua mwaka 1898 na fuvu lake likarudi nyumbani mwaka 1954 tu, na Mangi Meli alinyongwa mwaka 1900, na wote wawili tunawaita mashujaa. Kama kushindwa kunamwondoa mtu katika historia, tufute na hao. Isitoshe, kwa Mekatilili hoja hii ina makosa hata katika matokeo: kufikia mwaka 1919 alikuwa amerudi kwao, na Wagiriama walikuwa wamerudi kulima ng'ambo ya Sabaki, ardhi ileile waliyoamriwa kuiacha. Na wanawake wa Usangi walioandamana mwaka 1946 katika mgogoro wa kodi ya mbiru kule Upare, wakidai waume zao warudi nyumbani na wakiikataa kodi yenyewe, waliishi kuona kodi hiyo ikiondolewa.

Hoja ya sita inageuza upepo. Inasema kwamba mamlaka ya mwanamke ni tunda la serikali na maendeleo: shule, sheria, mashamba makubwa, barabara. Mila ilimfunga, maendeleo yakamfungua. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ukweli huo ni shule. Binti wa Balangdalalu anayemaliza sekondari leo ana njia ambazo bibi yake hakuwa nazo, na sitakaa kimya mtu akilipunguza jambo hilo.

Ila neno maendeleo limebeba mengi zaidi ya shule, na hapa Hanang tunajua lilibeba nini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba ya ngano katika uwanda wa Basotu. Yakafika mashamba saba, yenye ukubwa wa karibu ekari 100,000, kwenye malisho bora ya Wabarabaig. Makaburi ya wazee, bung'eda, yalipitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kisha kikashindwa Mahakama ya Rufani katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1985, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji wa nchi hii.

Linganisheni hilo na maelezo ya Klima. Neno la mwanamke barazani lilisimama juu ya ng'ombe wake, na ng'ombe husimama juu ya malisho. Malisho yakichukuliwa, familia huhama, ng'ombe hufa au huuzwa, na mwanamke anayeolewa baada ya hapo huenda kwa mume bila kitu chake. Hakuna aliyekaa mezani akaamua kuvunja baraza la wanawake. Waliamua juu ya ngano tu, na msingi wa baraza ukalimwa pamoja na majani. Msemaji wa hoja ya sita anaanza kuhesabu siku ambayo mwanamke alikuwa ameshapokonywa, kisha anamwonyesha umaskini wake kama ushahidi kwamba hakuwahi kuwa na kitu.

Kule Loliondo, wanawake wa Kimaasai walilielewa jambo hili vizuri. Baada ya watu kuondolewa kwa nguvu katika malisho yao mwaka 2009, mamia ya wanawake walikusanyika mwaka uliofuata na kurudisha kadi za chama tawala. Walijua kwamba ardhi ikienda, na wao wamekwenda.

Inabaki hoja ya saba: imetosha. Tuna Rais mwanamke tangu Machi 19, 2021. Hapa Hanang jimbo liliongozwa na mbunge mwanamke, Dkt. Mary Nagu, kuanzia 2005 hadi 2020. Mnataka nini tena?

Jibu ni fupi. Wenye hoja ya tatu walituambia kwamba mifano ya wanawake wakubwa haithibitishi chochote juu ya wanawake wa kawaida, kwa kuwa walikuwa wake na mabinti wa wakubwa. Sasa mifano miwili ya juu inaletwa kuthibitisha kwamba wanawake wote wa kawaida wameshafika. Wachague moja. Kama Amanirenas na Bibi Titi si ushahidi, basi Ikulu na Bunge navyo si ushahidi. Mimi nasema vyote ni ushahidi kwamba uwezo upo. Kama haki ipo ni swali linaloulizwa kijijini, na huko kuna kipimo kisichohitaji hotuba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema katika kifungu cha 20 kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kifungu cha 60 kinaunda baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Linasuluhisha migogoro ya mipaka, ya malisho na ya urithi wa mashamba, yaani mambo yaleyale ambayo girgwageda gademga haikupewa kuyaamua. Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa Balangdalalu, na wa kila kijiji cha Hanang na Mbulu: mkutano mkuu wa kijiji utakapoitishwa, simameni muulize wanawake hao watatu ni akina nani, wameketi katika mashauri mangapi, na majina yao yasomwe mbele ya wote na kuandikwa katika muhtasari.